Nimepewa umeneja, nikarudi kusoma historia ya Ngong Road

Najua nimepotea. Wengine mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama blogu hii imekufa. Haijafa, jamani. Ni mwenyewe aliyepandishwa cheo.

Ndiyo, hongera nimezipokea, asanteni. Kwa miaka mitano kazi yangu ilikuwa kuandika kodi (na nikisema kodi simaanishi ile ya landilodi, ingawa hiyo nayo ipo na inakuja kila tarehe tano). Asubuhi nafungua tarakilishi, jioni kuna kitu kinachofanya kazi ambacho asubuhi hakikuwepo. Raha ya namna hiyo ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajawahi kuionja. Siku hizi asubuhi nafungua kalenda. Jioni nimetoka kwenye mikutano sita, nimejibu barua pepe arobaini, na mama akinipigia simu kuniuliza leo nimefanya nini, natafuta jibu silioni.

Hata hilo lingevumilika. Kilichonifanya niandike leo ni kosa nililolifanya. Katika timu yetu kuna dada mmoja aliyetoka chuoni juzi. Nilimpa sehemu ya programu inayoshughulikia malipo ya simu. Alipoileta, sikuipenda. Ilifanya kazi, lakini kwa njia ndefu, kama mtu anayetoka Kawangware kwenda mjini kupitia Rongai. Je, nilimwita nikamweleza? Wapi! Usiku nikaketi kitandani, nikaiandika upya yote, nikaiunganisha na kodi kuu saa nane za usiku. Nililala usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata tangu nipewe cheo. Asubuhi akafungua, akaona, hakusema neno. Wiki iliyofuata akaniletea kazi nusu. Nilipomuuliza mbona hajamaliza, alinijibu kwa heshima zote: "Si utaimalizia usiku?"

Nilikosa la kusema. Jioni ile sikupanda matatu. Nilitembea kutoka Ngong Road hadi nyumbani, na njiani nikaanza kufikiria kwamba barabara hii ninayoitembea ina historia ndefu ya watu waliopitia jambo hili hili. Nikaenda kuisoma tena. Hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mahali, maana wengine mnasoma mkiwa Dodoma, Muscat au Minnesota. Ngong Road inatoka katikati ya Nairobi kuelekea magharibi. Ukitembea ukiipa mgongo mji, kushoto kwako, nyuma ya Woodley na Jamhuri, ndiko Kibera. Ukiendelea mbele mpaka Dagoretti Corner ukapinda kulia kufuata Naivasha Road, unaingia kwetu Kawangware. Na katikati ya hizo mbili, pembeni ya Ngong Road, kuna jengo linaitwa Bishop Magua Centre. Ghorofa ya nne ya jengo hilo ilifunguliwa iHub mwezi wa Machi 2010, na kwa miaka kadhaa karibu kila mtu aliyeshika kodi Nairobi alipita pale, kama si kwa kazi basi kwa kahawa na intaneti ya kasi.

Lakini hadithi inaanza miaka miwili kabla ya hapo, na haianzi kwa furaha. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka Januari 2008 tukiwa tumefungiwa ndani, redio ikiwa chini chini, baba akituambia tusisogee dirishani. Kibera kulichomeka, reli iling'olewa, na Kawangware nako hakukuwa na amani. Vyombo vya habari vilikuwa vimezuiwa kutangaza moja kwa moja. Tarehe 3 Januari, Ory Okolloh, mwanasheria na mwanablogu Mkenya aliyekuwa amerudi Afrika Kusini kwa sababu ya ghasia, aliandika kwenye blogu yake akiuliza kama kuna mafundi wa teknolojia walio tayari kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea. Erik Hersman aliliona wazo hilo, akamfikia David Kobia, Mkenya mtengeneza programu aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani. Juliana Rotich naye akajiunga. Ndani ya siku chache Kobia alikuwa ameandika tovuti yenyewe. Wakaiita Ushahidi. Mtu alituma ujumbe, ukahakikiwa, ukawekwa kwenye ramani. Wao wenyewe wanasema ilitumiwa na watu 45,000 nchini Kenya wakati ule.

Sisi watengeneza programu tunaipenda sehemu hiyo ya hadithi. Siku chache, mtu mmoja na kibodi, na dunia ikabadilika! Nilipokuwa chuoni niliisikia mara nyingi, na kila mara iliishia hapo. Hakuna aliyetusimulia jambo jingine ambalo Kobia alilifanya mwezi ule ule, na kwangu mimi ndilo zito zaidi.

Kobia alikuwa na tovuti nyingine, Mashada, ukumbi wa mazungumzo ya Wakenya ambao ulikuwa na miaka mingi na watu wengi. Ghasia zilipopamba moto, ukumbi ule ulijaa matusi ya kikabila. Mwishoni mwa Januari 2008 aliufunga. Badala yake akaweka tovuti ambayo jina lake lilimaanisha "sina kabila", watu waandike maneno yao ya kuponya. Hebu fikiria. Kitu ulichokijenga kwa mikono yako, kinachofanya kazi vizuri kabisa, hakina hitilafu hata moja kwenye kodi, na wewe unakizima kwa sababu ya kile watu wanachokifanya ndani yake. Hapo hakuna kodi utakayoiandika ikuokoe. Ni uamuzi tu, na lawama zake ni zako peke yako. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya meneja, hata kama mtu hana cheo hicho kwenye kadi yake.

Haya, turudi kwenye mada. Ushahidi ilikua. Januari 2010 ilitumika baada ya tetemeko la Haiti. Mwaka huo huo MIT ilimtambua Kobia katika orodha yake ya wavumbuzi vijana. Na sasa angalia kilichowapata watu wenyewe. Okolloh aliiacha Ushahidi mwishoni mwa 2010 akaenda Google kushughulikia sera. Rotich, aliyesomea kompyuta, akawa mkurugenzi mtendaji. iHub ilipofunguliwa meneja wake wa kwanza alikuwa Jessica Colaço, ambaye watu walimjua kwa programu za simu na ramani. Ghafla kazi yake ikawa viti, wadhamini, ratiba ya matukio na vijana mia wanaogombania soketi za umeme. Angela Oduor Lungati aliingia Ushahidi mwaka 2011 na kufikia 2019 akawa mkurugenzi mtendaji. Linda Kamau aliandika programu Ushahidi. Mwaka 2010 yeye, Lungati, Judith Owigar na Marie Githinji walianzisha AkiraChix, kuwafundisha wasichana wa familia zisizo na uwezo kuandika programu, na baadaye Kamau akawa ndiye anayeiongoza. Iwapo leo kuna kampuni Nairobi yenye dada aliyejifunza kodi bila kulipiwa karo na mzazi, kuna uwezekano mkubwa amepitia mikononi mwao.

Sijui wewe unaonaje, lakini mimi nilipoiandika orodha hiyo kwenye karatasi nilishtuka. Karibu wote ambao tuliwatazama kama mabingwa wa kodi wa Ngong Road, majina yao yamedumu kwa sababu ya kazi walizofanya baada ya kuipa kodi kisogo, au walipoipunguza. Kodi ile ya kwanza ya Ushahidi ilishaandikwa upya zaidi ya mara moja na watu wengine. Hakuna aliyelia.

Wapo waliokataa, na sitaki kuwadharau. Mnamkumbuka Steve Wozniak? Mwaka 1976 alikuwa ameshabuni Apple I lakini alisita kuacha kazi yake Hewlett-Packard, kwa sababu aliogopa kwamba kuanzisha kampuni maana yake ni kuwa bosi. Alikubali pale rafiki alipomwambia kwamba anaweza kubaki mhandisi tu, huko huko chini. Huo ni uamuzi wa heshima, na ningependa kampuni zetu za Nairobi ziwe na njia ya kumpandisha mtu mshahara bila kumnyang'anya kibodi. Nyingi hazina. Ukitaka nyongeza ya maana, wanakupa watu wa kuwasimamia. Hilo nalilalamikia na nitaendelea kulilalamikia.

Na yupo Linus Torvalds, ambaye mfano wake ndio uliniuma. Aprili 2005 aliandika Git, chombo ambacho kila mmoja wetu anakitumia kila siku. Alianza kuiandika mwanzoni mwa mwezi, na baada ya siku chache ilikuwa inajihifadhi yenyewe. Mwezi wa Julai mwaka huo huo aliikabidhi kwa Junio Hamano, ambaye anaitunza hadi leo. Miezi minne tu! Mimi moduli ya malipo nilishindwa kumwachia mtu kwa usiku mmoja.

Sasa twende Kibera, maana huko ndiko nilikopata nilichokuwa nakitafuta.

Kibera ina mzaha wake wa kihistoria. Jina lenyewe linatokana na Kibra, neno la Wanubi, maana yake msitu. Wanubi hao walikuwa askari wa jeshi la King's African Rifles waliopewa makao pale na serikali ya kikoloni, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Miaka ikaenda, miti ikaisha, watu wakaja kutoka kila pembe ya Kenya, nyumba za mabati zikabanana hadi kwenye mataruma ya reli. Lakini kwenye ramani za serikali mahali pale paliendelea kuonekana kama msitu. Wanubi wenyewe walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017, karibu karne moja baadaye. Na kwenye ramani za mtandaoni, hadi 2009, palikuwa doa tupu katikati ya jiji. Barabara za Karen na Lavington zote zina majina, halafu ukifika Kibera, kimya.

Mwishoni mwa 2009 walikuja wageni wawili, Mikel Maron na Erica Hagen. Maron alikuwa mzoefu wa OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, kama Wikipedia. Mtu mwenye ujuzi wake akipewa picha ya setilaiti na usiku wa kutosha anaweza kuchora njia nyingi bila kuvaa viatu. Nawaambia, mimi ningefanya hivyo. Ningeiweka hewani saa nane za usiku na asubuhi ningewaonyesha watu wa Kibera mahali wanapokaa!

Hawakufanya hivyo. Walikusanya vijana 13 wa kutoka vijiji mbalimbali vya Kibera: Kianda, Gatwekera, Makina, Lindi, Laini Saba, Silanga, Mashimoni na vingine. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamewahi kushika kifaa cha GPS. Wakafundishwa kukitumia, wakatumwa vichochoroni. Unatembea, kifaa kinaandika njia yako. Ukifika kwenye bomba la maji unaweka alama. Choo, alama. Zahanati, duka la dawa, msikiti, kanisa, shule ya chekechea iliyo nyuma ya kinyozi, alama. Halafu unarudi kwenye tarakilishi, unaingiza data kwa programu ya JOSM (wanaoijua JOSM wanajua si programu ya kumfundishia mtu siku ya kwanza), unachora mstari, unaupa jina. Ndani ya wiki tatu hivi ramani ya kwanza ya umma ya Kibera ilikuwa imesimama. Mradi ukaitwa Map Kibera.

Najiuliza makosa yalikuwa mangapi katika wiki hizo tatu. Mwenye kujua JOSM aliketi nyuma ya kijana aliyeshika panya kwa mara ya kwanza, anaona mstari unapotoka njia, na mikono yake mwenyewe inawasha. Wale mliofundisha mtu mzima kutumia kompyuta mnalijua joto hilo. Unataka kusema "hebu nipe". Ukisema "hebu nipe" mara tatu, mwanafunzi anaegemea kiti nyuma na hatashika tena. Nilimwona dada wa ofisini kwetu akiegemea kiti nyuma, wala sikuelewa ninachokitazama.

Faida ya kumwachia mwenyeji haikuwa ya ustaarabu tu. Ni ya kiufundi. Setilaiti inaona paa la bati. Haioni kwamba chini ya paa lile kuna zahanati, kwamba inafunguliwa saa ngapi, kwamba njia ile haipitiki mvua ikinyesha na ile nyingine haipitiki giza likiingia. Baadaye vijana hao hao walitengeneza ramani za usalama, wakionyesha maeneo ambayo wasichana hawapiti usiku. Nyingine zilichapwa kwenye karatasi, nyingine zikachorwa kwa rangi ukutani ili hata asiye na intaneti azione. Mtaalamu wa kodi aliyekaa ghorofani asingeyapata hayo hata akikesha mwaka mzima.

Ramani ilipokamilika lilikuja swali ambalo hakuna kozi ya kompyuta inayolijibu: sasa je? Mwaka 2010 kukaanzishwa Voice of Kibera, iliyotumia programu ile ile ya Ushahidi kuweka habari za mtaa kwenye ramani ya mtaa. Kukaanzishwa Kibera News Network, vijana wakapiga video za matukio ambayo runinga kubwa huyajia siku ya moto tu. Map Kibera ikasajiliwa kuwa shirika la wenyeji. Na wale waliokuwa wakizunguka na GPS shingoni, baadhi yao wakajikuta kwenye viti vya waratibu. Kazi ikawa kueleza ramani kwa wazee wa mtaa, kwa mashirika, kwa maofisa wa serikali. Kuandika ripoti. Kugawana posho chache bila watu kugombana. Kazi hiyo ilipofika Mathare, vijana wa Kibera ndio waliokwenda kufundisha. Ni mwaka mmoja tu tangu wao wenyewe wafundishwe!

Hapo ndipo ningependa kumuuliza mmoja wao: uliikosa miguu? Ulikaa kwenye mkutano ukatamani kuwa Gatwekera ukitafuta bomba? Nadhani jibu ni ndiyo. Lakini ramani ya mahali kama Kibera haina tabia ya kukamilika. Mwaka 2010, matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa, Kibera ilisemekana kuwa na watu 170,070, wakati dunia nzima ilikuwa imezoea kusikia milioni moja. Mabishano yakawa makubwa, na watu wakaanza kutaka data ya kweli, shule kwa shule, choo kwa choo. Kukaja mradi wa Open Schools Kenya, kuorodhesha shule zikiwemo zile ambazo serikali haikuzihesabu. Halafu Julai 2018 tingatinga zikaja. Barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road ilipasua Kibera katikati, maelfu wakapoteza nyumba, na shule zikabomolewa. Asubuhi ile, sehemu nzima ya ramani iliyochorwa kwa miguu ikawa uongo.

Nani arudi kuirekebisha? Kijana aliyeichora 2009 huenda ana watoto, ana kazi nyingine, yuko Qatar. Ramani inabaki kweli iwapo yupo mtu aliyehakikisha kwamba kuna kijana mwingine anayejua kushika GPS. Kazi hiyo haionekani popote kwenye ramani. Haina rangi, haina mstari. Na ndiyo hiyo, wasomaji wangu, niliyokuwa naiita "mikutano".

Sisi wa Kawangware tuna wivu wetu kidogo, niseme ukweli. Kila kitu Kibera. Wageni Kibera, kamera Kibera, miradi Kibera. Sababu mojawapo ni ardhi. Sehemu kubwa ya Kibera imekuwa ardhi ya serikali, watu wanaishi juu yake bila hati, kwa hiyo kuonekana au kutoonekana kwenye ramani ni suala la kubaki au kufukuzwa. Kawangware ilikuwa sehemu ya Dagoretti, mashamba ya watu wenye hati, waliojenga vyumba vya kupangisha. Plotini kwetu mwenye nyumba anajulikana, na mipaka ya ploti yake inajulikana kwa inchi. Tabu ni vichochoro kati ya ploti na ploti, ambavyo si vya mtu. Huko ndiko tunakoishi.

Na huko ndiko anakofanyia kazi fundi mmoja wa samani, mzee ninayemheshimu. Ananiita Injinia tangu nilipoingia chuo, wala haachi. Jioni ile ya aibu nilisimama kwake. Alikuwa ameketi kwenye stuli, simu sikioni, vijana wake wanne wakipiga msasa.

"Mzee, wewe siku hizi hushiki randa?"

"Randa? Tangu Krismasi, Injinia. Wateja wanataka kuongea na mimi, mbao niende kutafuta mimi, kanjo wakija niwaone mimi."

"Na unaionaje hiyo?"

Akacheka. "Shida ni moja tu. Nikifika nyumbani sina vumbi. Mama watoto ananiuliza, baba, leo ulishinda wapi?"

Tulicheka wote wawili, lakini kile kicheko kilikuwa changu zaidi. Wakati tunaongea, kijana mmoja alileta kiti. Mzee alipitisha kidole gumba kwenye kiungo cha mguu, akamrudishia. Hakusema kibovu wapi. Kijana akakigeuza, akakitazama, akarudi nacho kwenye meza. Nilingoja nione kama mzee ataamka amfuate. Hakuamka. Alikuwa ameshapiga simu nyingine, anabishana na mtu kuhusu bei ya mbao.

Nilimwomba radhi yule dada ofisini. Nilimwambia nilikosea, kwamba nilipaswa kumwonyesha. Hakunirahisishia, aliuliza kama naweza kuirudisha kodi yake ya kwanza ili airekebishe mwenyewe. Git inaruhusu, kama mjuavyo. Kodi ya zamani haifutiki. Nikairudisha. Amechukua siku nne kwa kazi ambayo mimi niliifanya usiku mmoja, na njia yake ya mwisho si ile ningeiandika mimi. Nimemwandikia maoni mawili. La kwanza alilikubali. La pili alinionyesha kwamba nimekosea mimi, kwa sababu kuna hali moja ya malipo kukatika katikati ambayo yeye alikuwa ameifikiria na kodi yangu ya saa nane za usiku haikuifikiria. Ingetupotezea pesa za watu.

Cheo bado kinanibana, sitawadanganya. Wiki hii nimeandika kodi mistari kumi na miwili, na yote ilikuwa ya kujifurahisha. Lakini Jumamosi iliyopita nilifungua OpenStreetMap nikatafuta nyumbani. Naivasha Road ipo, steji ipo. Kichochoro chetu, kile cha nyuma ya posho mill, hakipo. Nikabofya "hariri", nikawa nimeshaanza kuvuta mstari.

Jirani yetu ana kijana wa sekondari ambaye kila wikendi ananiuliza kazi yangu ni ya nini. Nikamwita. Nikampa kiti, nikampa panya, nikakaa nyuma yake juu ya jeri. Alichora kichochoro kikapinda kama nyoka. Akaweka duka, akaweka kinyozi, akaweka bomba la maji. Bomba akaliweka upande wa kulia. Mimi nimechota maji pale tangu utotoni, najua liko kushoto. Mikono ikaniwasha.

"Una uhakika ni kulia?" nikamuuliza.

Akafikiria. "Ngoja niende niangalie," akasema, akavaa ndala, akatoka.